Panya Mwenye Sumu Anatushinda Uungwana

Kuna neno moja ukilitaja kwenye kikao chochote hapa Kenya, watu wanashusha sauti. Neno lenyewe ni sumu. Mtu akiugua ghafla baada ya harusi, utasikia wakinong'ona ati "alitiliwa kitu". Ng'ombe akifa bila kuugua, jirani anaanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Mbwa akikutwa amekauka kando ya geti, hakuna anayeuliza kama alikuwa mgonjwa. Swali ni moja tu: nani amefanya hivi? Kwetu sisi binadamu, sumu ni kitu cha gizani. Anayeitumia anaificha, na kadiri anavyoificha vizuri ndivyo inavyofanya kazi.

Leo nataka tuongee kuhusu mnyama ambaye hesabu yake ni tofauti kabisa. Ana sumu kali kuliko unavyodhani, na kazi yake kubwa maishani ni kuhakikisha kila mtu anajua anayo. Si nyoka. Si nge. Ni panya. Na si panya wa Amazoni au wa China, ni panya wa hapa hapa kwetu, ambaye pengine umempita usiku ukiwa ndani ya matatu ya Nanyuki na hukujua.

Wataalamu wanamwita Lophiomys imhausi. Mimi nitamwita panya wa kishungi, kwa sababu ya zile nywele ndefu zinazosimama mgongoni akikasirika. Anapatikana Kenya, Ethiopia, Somalia, Sudan, Uganda na Tanzania. Ukimwona mara ya kwanza huwezi kusema ni panya. Ni mkubwa, anaweza kukaribia kilo 1, ana manyoya marefu ya kijivu, meusi na meupe, na anatembea polepole kama mzee aliyetoka kula ugali mzito. Mtu anaweza kumdhania ni kicheche, au mtoto wa nungunungu. Mwanasayansi Mfaransa Alphonse Milne-Edwards alimwandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1867, kwa hiyo jina lake si geni. Kilichochukua muda ni kuelewa anachofanya na ule mti.

Sasa tuje kwenye mti. Kwa Kiswahili unaitwa msungu. Wamaasai wanauita olmorijoi. Ni mti wa kawaida tu, haurefuki sana, majani yake ni magumu ya kung'aa na maua yake yananukia vizuri. Ukipita karibu hutashtuka. Lakini kwa karne nyingi, huu ndio mti uliowapa wawindaji wa Afrika Mashariki sumu ya mishale. Wakamba waliutumia. Wagiriama waliutumia, na sumu yenyewe wanaiita utsungu, neno ambalo ni ndugu wa "uchungu" wetu. Waata wa pande za Tsavo waliutumia pamoja na pinde zao ndefu kuangusha ndovu. Hebu fikiria hapo kidogo: ndovu, mnyama wa tani kadhaa, anaangushwa na mti ambao mbuzi wako anaupita kila siku akienda kunywa maji.

Kilicho ndani ya mti huo kinaitwa ouabain. Jina lenyewe limetoka kwa Wasomali, ambao sumu ya mshale wanaiita waabaayo; Wafaransa wakalisikia, wakaliandika kivyao, na likaenea duniani. Inavyofanya kazi ni hivi. Kila seli mwilini mwako ina pampu ndogo ndogo zinazosukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani. Bila hizo pampu, moyo haupigi kwa mpangilio. Ouabain inazikwamisha. Moyo unaanza kujikaza kwa nguvu kupita kiasi, mapigo yanavurugika, na mwishowe unasimama. Kwa dozi ndogo sana, madaktari Ulaya waliwahi kuitumia hiyo hiyo kutibu watu wenye moyo dhaifu. Na Jens Skou, yule Mdenmark aliyegundua hiyo pampu na kushirikishwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997, alitumia ouabain kwenye utafiti wake. Yaani dawa ya wawindaji wetu imepita hadi maabara kubwa za dunia. Wacha hilo likae hapo.

Panya wa kishungi anafanya nini? Anautafuna huo mti. Anang'oa gamba kwa meno, anatafuna bila kudhurika, anachanganya na mate yake, kisha anageuza kichwa na kujipaka ule mchanganyiko mbavuni. Hajipaki mwili mzima ovyo ovyo. Anajipaka kwenye mstari mmoja maalum wa nywele ubavuni, upande huu na upande ule.

Mwaka 2011 kikundi cha watafiti, akiwemo Jonathan Kingdon, ambaye ameandika na kuchora wanyama wa Afrika kwa miaka mingi, na Mkenya mwenzetu Bernard Agwanda wa Makavazi ya Kitaifa, walichapisha walichokiona kwenye zile nywele walipoziweka chini ya darubini. Nywele za hapo ubavuni hazifanani na nywele nyingine zozote za panya huyo. Ganda lake la nje lina matundu matundu kama wavu, na ndani kuna nyuzi nyembamba nyingi zimelala pamoja. Ukitaka kuelewa, kumbuka utambi wa koroboi. Unavyonyonya mafuta ya taa na kuyashika, ndivyo hizo nywele zinavyonyonya mate yenye sumu na kuyashika. Huyu panya ametembea na koroboi mbavuni kabla sisi hatujajua koroboi ni nini.

Na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Akikutana na adui, tuseme mbwa, mbweha au chui, panya huyu hakimbii. Kwanza, kwa mwendo ule, angekimbilia wapi? Anachofanya ni kusimama, kuinua kishungi cha mgongoni, na kuyagawanya manyoya ya ubavuni ili ule mstari wa nywele za sumu uonekane, umezungukwa na mistari myeupe na myeusi. Badala ya kuuficha anauonyesha. Anamgeuzia adui ubavu kabisa, kama anamwambia: ukiuma, uma hapa.

Mbwa mjinga anauma. Panya ana ngozi nene na fuvu gumu lisilo la kawaida kwa panya, kwa hiyo ana nafasi nzuri ya kuliponea lile uma la kwanza. Mbwa naye ameshajaza mdomo nywele zenye sumu. Kinachofuata ni povu, kutapika, kuyumbayumba. Wengine wanakufa moyo ukisimama. Wengine wanapona, na mbwa aliyepona akimwona panya yule tena anarudi nyuma akilia. Wafugaji wanalijua hilo siku nyingi. Hawakuhitaji darubini.

Nilipokuwa nakusanya habari hizi, nilimkumbuka mjomba wangu.

Mjomba anaishi Laikipia, ana shamba dogo linalopakana na miamba. Miaka miwili iliyopita alikuwa na mbwa anaitwa Simba, mbwa mkali kweli, hata sisi wapwa zake tukienda kumtembelea tulikuwa tunapiga simu kutoka barabarani ili afungwe. Asubuhi moja Simba alikutwa amekufa karibu na zizi, povu mdomoni. Wiki hiyo hiyo mjomba alikuwa amegombana na jirani yake kwa sababu mbuzi wa jirani waliingia kwenye mahindi, na Simba alimrarua mmoja. Basi, unaweza kumalizia hadithi mwenyewe. Mjomba hakuenda kwa daktari wa mifugo. Hakuenda kwa chifu. Alisema neno moja tu mbele ya watu, "Amemtilia sumu," na ikawa imekwisha.

Tangu siku hiyo nyumba mbili zilizosaidiana kwa kila kitu hazisalimiani. Watoto walikatazwa kupita kwa jirani kwenda kuteka maji, sasa wanazunguka njia ndefu. Mama mkwe wa jirani alipofariki, mjomba hakwenda matangani. Kwa watu wa kwetu, hilo ni jambo zito kuliko mbwa na mbuzi wote.

Nilimpigia simu. Nikamuuliza, "Mjomba, ule usiku Simba alikuwa wapi?" Akasema alimsikia akibweka kule juu miambani, akibweka sana, halafu kimya, halafu akarudi akiyumba. Nikamuuliza kama kuna miti ya msungu huko. Akacheka: "Mpwa wangu, huko si ndiko wazee walikuwa wanatoa sumu ya mishale?" Nikamweleza habari za panya. Alinyamaza kwa muda, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sasa mimi nikienda kwa yule mtu saa hii, nitamwambia nini?"

Sisemi Simba aliuawa na panya. Hakuna aliyempasua, na mfupa wake umeshaoza. Inawezekana jirani kweli alifanya. Ninachosema ni kwamba mjomba hakuwahi kufikiria jibu lolote lingine, kwa sababu akilini mwetu sumu lazima iwe na mtu nyuma yake, na mtu huyo lazima awe amejificha. Panya anayeishi mita mia chache juu ya shamba, akitembea usiku na tangazo limeandikwa mbavuni, hakuingia hata kidogo kwenye hesabu.

Hebu tufikirie sumu ya mnyama inavyotakiwa kufanya kazi, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapochanganya. Tunadhani mnyama mwenye sumu anataka kuua. Nyoka anayewinda, sawa, yeye sumu yake ni ya kupata chakula. Lakini mnyama anayetumia sumu kujilinda hana faida yoyote ukishamla ndipo ufe. Ukishamtafuna, yeye ameshakwenda. Hata ukifa baada yake, yeye hatarudi kulea watoto wake. Faida yake ni wewe usimguse kabisa. Kwa hiyo sumu peke yake haimsaidii sana. Kinachomwokoa ni wewe kujua kwamba anayo. Ile mistari ndiyo ngao yake. Sumu iko pale kuhakikisha mistari inaaminika.

Ukishaelewa hilo, utaanza kuona matangazo kila mahali. Jongoo mkubwa mweusi uliyemchokoza utotoni kwa kijiti: kwanza anajikunja mduara, akikuonyesha ganda gumu. Ukiendelea kumsumbua ndipo anatoa yale majimaji ya manjano yanayonuka, yanayoacha doa kwenye vidole na kuchoma macho vibaya ukijigusa. Kuna kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe kwenye mabawa, wataalamu wanamwita Danaus chrysippus, amejaa kwenye mashamba yetu. Akiwa kiwavi anakula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo anakua nayo. Ndiyo maana anaruka polepole, bila haraka, kama mtu mwenye mwanasheria mzuri. Ndege aliyemwonja mara moja na kutapika hamgusi tena.

Na tangazo likishaaminika, wakora wanajitokeza. Kuna kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike wake amefanana na yule wa kwanza karibu kila kitu, ila hana ile sumu yake. Anaishi kwa kuigiza. Ni kama zile meseji feki za pesa kutumwa kwa simu: zinafanya kazi kwa sababu meseji za kweli zipo na watu wanaziamini. Zikizidi feki, hakuna atakayeamini tena, na hata mwenye ukweli ataliwa.

Jambo lingine ambalo linanifurahisha ni kwamba wengi wa hawa wanyama hawatengenezi sumu yao wenyewe. Wanaikopa. Kipepeo anaikopa kwa majani. Panya wa kishungi anaikopa kwa msungu. Kalunguyeye akikutana na kitu kikali, kama ngozi ya chura mwenye sumu, anakitafuna mpaka mate yatoe povu, kisha anajipaka povu hilo kwenye miiba yake. Wale vyura wadogo wa rangi kali wa Amerika ya Kusini, ambao Wahindi Wekundu wa Kolombia walipaka sumu yao kwenye vishale, wanaipata kwa wadudu wanaokula. Ukimfuga chura huyo nyumbani tangu utotoni na kumlisha wadudu wa kawaida, anakua na rangi zake zote, lakini sumu hana.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho, kwa sababu inatuhusu. Rangi zote, sumu hana. Panya wetu naye anategemea mti. Msungu ukikatwa kwa sababu ya makaa, kwa sababu ya kupanua shamba, au kwa sababu mtu fulani amesikia ni mti wa sumu na hautaki karibu na watoto, panya atabaki na mistari yake. Atasimama mbele ya mbwa vile vile, ainue kishungi, aonyeshe ubavu. Ni kama bango la "Mbwa Mkali" kwenye nyumba ambayo mbwa alikufa zamani. Mbwa wa kwanza kuligundua hilo atamla, na wa pili, na wa tatu. Kumwondoa panya huyu si lazima umguse. Unaweza kummaliza kwa panga ulilomwekea mti.

Lakini pia nisiwapambie wanyama kupita kiasi. Kuna matangazo ambayo sisi binadamu tusipoyasoma tunaumia, na ni haki kuyaogopa. Fira anayetema sumu ni mmoja. Mkubwa kuliko wote duniani yuko kwetu: Naja ashei, aliyetangazwa rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 kutokana na nyoka aliyepatikana Watamu, na kupewa jina la James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka huko huko. Fira akitema hawindi. Kutema ni kujilinda tu, na analenga macho. Lakini hata yeye kwa kawaida anaanza kwa kuinuka na kutanua shingo. Anakupa nafasi. Ukiichukua, rudi nyuma polepole na umwachie njia. Ukiikataa na kuokota jiwe, sumu inaweza kukufikia ukiwa mita 2 kutoka alipo. Ikikuingia machoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo, usisugue, na uende hospitali. Usingoje kuona kama itapoa yenyewe.

Na kule Pwani kuna bunju, samaki anayejaza tumbo maji na kuvimba kama mpira akiguswa. Baharini tangazo lake linaonekana hata na mtoto. Lakini akishapasuliwa, akatolewa ngozi, akawekwa kwenye karai la mafuta, tangazo limeisha. Ni nyama nyeupe kama nyingine. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, na hakuna dawa ya kuivunja mwilini. Hospitali itakusaidia kupumua mpaka ipungue yenyewe, ukifika mapema. Wavuvi wazee wanamjua na wanamrudisha majini. Anayeumia mara nyingi ni yule ambaye hakuambiwa. Kwa hiyo kazi ya kutangaza, mnyama akishindwa kuifanya, inakuwa yetu. Mzee anaposema "hicho hakiliwi", anashikilia bango ambalo samaki amelipoteza njiani.

Hapo ndipo naona tunakosea sisi vijana. Tunawajua ngwini. Tunajua dubu weupe wanavyowinda. Mtoto wa darasa la nne atakutajia aina za dinosaria bila kupumua. Muulize mti gani nyuma ya nyumba yao ulikuwa unaangusha ndovu, atakuangalia. Muulize mzee wa miaka 70, atakuambia jina la mti, atakuambia upande gani wa mlima, na atakuambia mbwa wa nani alikufa baada ya kuuma "kile kitu cha miambani". Huo ujuzi ulikuwepo muda wote. Uchapishaji wa mwaka 2011 ulieleza jinsi nywele zinavyoshika sumu, na hiyo ni kazi kubwa, lakini habari kwamba panya huyu haguswi ilikuwa imeshakaa kwenye vijiji vyetu.

Na kuna mengine ambayo hata wazee wengi hawakuyaona, kwa sababu panya huyu anatembea usiku. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi Laikipia, kwenye kituo cha Mpala, akiwemo Sara Weinstein, Katrina Malanga na huyo huyo Agwanda, walitoa matokeo mengine. Walinasa panya 25, wakarekodi karibu saa 1,000 za video. Waliwaona kwa macho yao wakitafuna msungu na kujipaka, na kisha kuendelea na maisha bila shida. Lakini kilichowashangaza zaidi kilikuwa nyumbani kwao. Wengi walidhani ni mnyama wa kuishi peke yake. Wakakuta dume na jike wanakaa pamoja. Walipowaweka pamoja wale wawili walionaswa sehemu moja, walianza kukoroma kwa raha kama paka na kusafishana manyoya. Kuna dalili kwamba watoto nao wanakaa na wazazi kwa muda kabla ya kuondoka.

Mimi hilo lilinigusa kuliko sumu yenyewe. Mnyama ambaye usiku anatembea na kitu kinachoweza kuua mbwa, akirudi kwake anamsafisha mwenzake kichwani, na ile sumu iko pale pale ubavuni. Haimdhuru mwenzake. Ni ya mlangoni tu, kwa anayekuja na meno.

Linganisha na sisi. Sisi tunatembea na tabasamu nje na sumu ndani. Ukigombana na mtu leo hakuambii amekasirika. Utajua miezi sita baadaye, kwa mdomo wa mtu wa tatu. Mjomba hakumwambia jirani "sikutaki kwa sababu nadhani uliua mbwa wangu". Alinyamaza tu, akaacha kumsalimia, na jirani pengine hadi leo anajiuliza alikosea wapi. Panya angeinua kishungi. Angesema wazi: mpaka ni hapa, sababu ni hii. Baada ya hapo kila mtu angejua pa kupita, na watoto wangeendelea kuteka maji kwa njia fupi.

Basi, kama unaishi sehemu za miamba na misitu, nina maombi machache. Mfungie mbwa wako usiku, kwa faida yake. Ukimwona huyu panya, usimpige na usimshike. Mpe nafasi, ataondoka zake pole pole. Kama kuna msungu shambani mwako, waonyeshe watoto, waambie jina lake na kwa nini haujaribiwi mdomoni, halafu uuache usimame. Na mbwa akifa povu mdomoni, kabla hujamtaja jirani, mwite daktari wa mifugo, na uulize mbwa alikuwa wapi usiku huo.

Mjomba, kama unasoma hii, najua hupendi niandike mambo ya nyumbani. Uliniuliza utamwambia nini. Anza na "habari za asubuhi". Hayo mengine ya panya unaweza kumweleza mkishakaa.

Na wewe msomaji, kwenu mnyama huyu mnamwitaje? Kama hujui, mpigie babu au nyanya leo, umuulize. Ukipata jina, liandike mahali.